Jinsi ya kumsikiliza Freddie Mercury laivu, halafu yule Freddie wa opera, ukiwa Tabora na sabufa yako

Hapa Tabora karibu kila mtu anaijua bendi ya Queen hata kama hajui kwamba anaijua. Ile ya kukanyaga miguu mara mbili na kofi moja utaisikia uwanjani, ile ya mabingwa inapigwa kila timu ikibeba kombe, sasa wengi wanaishia hapo hapo na rekodi za studio. Mimi nataka nikuelekeze njia nyingine, umsikie mwimbaji wao Freddie Mercury, huyu mtoto wa Mji Mkongwe, akiwa jukwaani, alafu umfuate mpaka kwenye albamu aliyofanya na mama wa opera, Montserrat Caballé. Ukizisikiliza kwa mpangilio huu utamwelewa mwimbaji mwenyewe, na sikio lako litajifunza kitu ambacho kitakufaa hata kwenye shoo za kwetu, kujua hapa mtu anaimba kwa mdomo wake na hapa ni tepu inaimba.

Kwa ufupi tu kwa asiyemjua: jina la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi, akapelekwa shule ya bweni Panchgani kule India akiwa bado mdogo, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Queen ikaanza 1970, mwaka uliofuata akaingia John Deacon wa besi, na kuanzia hapo wakawa wanne hao hao, Freddie, Deacon, Brian May kwenye gitaa na Roger Taylor kwenye dramu. Freddie alifariki 24 Novemba 1991. Hayo yanatosha, tuingie kwenye kazi.

Anza na vyombo, maana hapa ndo watu wengi wanapoteza utamu bila kujua. Sabufa nyingi za mjini zimetengenezwa kwa ajili ya besi, ukiiacha ilivyotoka dukani sauti ya mtu inazama kabisa. Shusha besi mpaka karibu na mwisho, alafu ipandishe kidogo kidogo hadi usikie gitaa la besi linatembea noti kwa noti badala ya kuvuma tu, ukifika hapo acha. Zile spika mbili ndogo zitenganishe kama hatua mbili tatu, ziweke juu ya stuli au meza zikae usawa wa masikio, usizibane kwenye kona ya chumba kwa sababu kona inaongeza besi ambayo hujaiomba. Ekwalaiza ya simu iweke sawa yote, zile za "bass boost" zima. Na kama una hedifoni basi hiyo ndo bora zaidi, hata za bei ya kawaida, ila hakikisha masikio yote mawili yanafanya kazi, maana muziki huu una mambo ya kushoto na kulia na spika moja ya Bluetooth inayachanganya yote yanakuwa kitu kimoja.

Kuna kipimo kizuri cha hedifoni. Tafuta Brighton Rock kwenye albamu ya laivu inaitwa Live Killers, katikati Brian May anabaki peke yake na gitaa, anapiga mstari, mstari unarudi kama mwangwi, anapiga mwingine juu yake, na mwangwi alikuwa anaupeleka kwenye amplifaya tofauti, kwa hiyo mtu mmoja anasikika kama wapiga solo watatu wanajibizana. Ukisikia majibu yanatoka pande tofauti, hedifoni zako ziko vizuri. Ukisikia yote yanatoka sehemu moja, kagua waya au mipangilio ya simu, wakati mwingine mtu kawasha "mono" bila kujua. Na lile gitaa, niseme tu kwa sababu linanifurahisha kila nikilisikia, Brian na baba yake walilitengeneza wenyewe nyumbani, shingo yake ni mbao ya meko ya zamani, na analipiga kwa sarafu badala ya piki ya plastiki, ndo maana ule mlio una kama mkwaruzo mwanzoni mwa noti.

Bando sasa. Usisikilize shoo nzima kwa video mchana kama bando lako ni dogo, litaisha kabla hata hawajafika kwenye piano. Sauti peke yake ya kiwango cha kawaida cha kbps 128 inakula kama MB 1 kwa dakika, ya 320 ni kama MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo shoo ya saa moja na nusu ni kama MB 90 mpaka 220 hivi, fanya hesabu yako. Vizia bando la usiku, weka albamu kwenye programu ya muziki isikilizike bila intaneti, kesho yake unasikiliza kwa raha zako. Video tazama chache tu nitakazokutajia, zipo kwenye chaneli rasmi ya Queen ya YouTube.

Haya, uanzie wapi? Watu watakwambia anza na shoo ya uwanja wa Wembley au tamasha la Live Aid. Mimi nasema anza na Queen Rock Montreal, ilirekodiwa tarehe 24 na 25 Novemba 1981 pale Montreal, Kanada, ingawa albamu yenyewe kwa jina hili imetoka 2007. Sababu yangu ni moja kubwa, wako wanne tu jukwaani. Mwaka uliofuata wakaanza kubeba mpiga kinanda wa ziada, lakini Montreal karibu kila unachosikia kina mwenyewe kati ya wale wanne, Freddie akiwa kwenye piano unajua ni yeye, akiinuka piano inanyamaza. Kwa mtu anayejifunza kusikiliza hakuna mwalimu mzuri kama huyo.

Sikiliza Somebody to Love ya Montreal mara mbili. Mara ya kwanza mfuate Freddie tu. Studio kule ile ni kwaya nzima, sauti tatu za Freddie, Brian na Roger zimerekodiwa moja juu ya nyingine mpaka zikawa umati, jukwaani hakuna umati huo, ni midomo mitatu, kwa hiyo Freddie analazimika kuujaza mwanya mwenyewe kwa kuchezea melodi. Mara ya pili msahau, sikiliza sauti ya juu kabisa inayomfunika. Huyo ni Roger Taylor, mpiga dramu, anaimba noti za juu huku mikono na miguu inafanya kazi. Freddie alikuwa na vijundu kwenye nyuzi za sauti na hakutaka kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo kwenye ziara za usiku baada ya usiku alijifunza kuitunza sauti, noti nyingi za juu za studio jukwaani anaziimba chini au anamwachia Roger. Wengine wanaona huo ni upungufu. Mimi naona ndo ufundi wenyewe, maana anachagua noti tatu nne za kupanda katika usiku mzima, na akipanda unasimama.

Sasa tuje kwenye Bohemian Rhapsody, hapa tukae kidogo.

Wimbo ulitoka 1975, karibu dakika sita, katikati una kipande cha opera ambacho walikijenga studio kwa kurekodi sauti zao watatu tena na tena na tena. Hakiimbiki jukwaani na watu wanne. Walifanyaje? Kwenye shoo ya Hammersmith Odeon London, mkesha wa Krismasi 1975, albamu inaitwa A Night at the Odeon, waliukata, wakaanza nao, wakaingia Killer Queen na kipande cha wimbo mwingine, alafu wakaurudia mwishoni. Baadaye wakapata njia iliyobaki miaka yote: mwanzo Freddie anaimba kwa piano laivu, ikifika opera wanaondoka wote jukwaani, taa na tepu ya studio vinafanya kazi, ikifika sehemu ya roki wanarudi kwa kishindo wanaendelea laivu.

Kazi yako ni kusikia mshono. Weka ya Montreal au ya Live Killers, fumba macho. Wakati wanapiga laivu maikrofoni zote ziko wazi, kwa hiyo zinabeba na ukumbi, dramu inavujia kwenye maikrofoni ya Freddie, watu wanasikika nyuma ya kila neno, piano ina mwangwi wa paa. Tepu ikiingia, sauti zinakuja kavu na safi, zimepangwa kushoto na kulia, na dramu ya jukwaani haivujii popote. Alafu sikiliza sekunde ile gitaa linaporudi, hewa yote inarudi kwa mpigo. Ukishausikia mshono huo mara moja hautakuacha tena.

Kuna mzee jirani yetu huku Ng'ambo, ujanani alipiga besi kwenye dansi, na mji huu masikio ya bendi yapo tangu enzi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Nilimpelekea simu na hedifoni jioni akiwa barazani. "Shikamoo babu, hebu sikiliza hii." "Marahaba mjukuu wangu, lete." Wala sikumwambia kitu. Kasikiliza piano ile, kidole kinagonga goti, ilipoingia opera kidole kikasimama. "Hapa hawapo," akasema. "Ukumbi umeondoka." Gitaa liliporudi akacheka, "haya, wamerudi hao." Alafu akaniuliza jina la mpiga besi, kuhusu mwimbaji hakuuliza chochote. Wanamuziki wa zamani wana masikio, ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani mwekee, utajifunza zaidi kwake kuliko kwangu.

Tahadhari moja hapa. Kuna albamu ya laivu ya 1986 inaitwa Live Magic, nyimbo nyingi humo zimekatwa katwa ili zienee, na Bohemian Rhapsody wameitoa kipande chote cha opera. Usianze nayo, utapata picha isiyo kamili ya shoo zao. Chukua Live at Wembley '86, hiyo ilitoka 1992 na inabeba sehemu kubwa ya usiku wa tarehe 12 Julai 1986, nyimbo ziko kamili na unasikia na maongezi ya Freddie katikati.

Baada ya Montreal rudi nyuma kidogo usikie walivyokuwa vijana, Live at the Rainbow '74, wana njaa, wanapiga haraka, Freddie sauti bado nyembamba na kali. Live Killers ya 1979, kutoka ziara yao ya Ulaya mwaka huo huo, ina mchanganyo wa sauti ambao si msafi sana, wengi hawaupendi, mimi nakushauri uisikilize kwa sababu ya Love of My Life. Brian na gitaa la nyuzi kumi na mbili, Freddie, na umati, basi. Freddie anaanza mstari alafu ananyamaza, na maelfu ya watu wanaumalizia wenyewe kwa upole, bila kupiga kelele. Toleo hilo la laivu ndo lilitolewa kama singo. Usilisikilize ukiwa unapika au unafua, kaa chini.

Video za kutazama ni mbili. Ya kwanza Live Aid, Wembley, 13 Julai 1985, dakika kama ishirini na moja, nyimbo sita, watu kama 72,000 uwanjani, na ile sehemu anawaimbisha bila chombo chochote, yeye anatupa, wao wanarudisha. Tazama anavyopima, anaanza na kifupi, anaona wanaweza, anarefusha, anapandisha, na pale anapowapa kigumu kabisa nao wanajaribu hivyo hivyo. Ya pili ni Budapest, 27 Julai 1986, Hungaria ikiwa bado chini ya utawala wa kikomunisti. Anaimba wimbo wa kienyeji wa Wahungaria kwa lugha yao, na maneno kayaandika kiganjani, utamwona anachungulia mkono wake bila kuficha, na uwanja mzima unaitikia. Msanii mkubwa kiasi kile kukaa na kujifunza wimbo wa wenyeji kwa ajili ya usiku mmoja, mimi hiyo inanigusa sana. Shoo yao ya mwisho na Freddie ilikuwa Knebworth, 9 Agosti mwaka huo huo, mbele ya watu zaidi ya laki moja.

Hapo sasa ndo unaingia kwenye opera. Na usiruke moja kwa moja kwenye Barcelona, kwanza msikilize mama mwenyewe. Montserrat Caballé alizaliwa Barcelona 1933, jina lake lililipuka 1965 New York pale Carnegie Hall alipoitwa kuziba nafasi ya mwimbaji mwingine kwenye Lucrezia Borgia ya Donizetti. Sifa yake kubwa ni kuimba noti ya juu kwa sauti ndogo kabisa, anaishika, anaishika, haitetemeki wala haikatiki. Kama unaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisa unajua ugumu wake, kupanda kwa nguvu wengi wanaweza, kupanda kwa kunong'ona ndo mtihani. Tafuta wimbo wake mmoja tu wa opera, sikiliza anapovuta pumzi, hesabu mpaka pumzi inayofuata. Freddie alimsikia hivyo hivyo London 1983 kwenye opera ya Verdi, alikuwa ameenda kumsikiliza mwimbaji wa opera Pavarotti, akatoka na jina la Caballé kichwani. Wakakutana Machi 1987 hotelini Barcelona, na albamu yao ikatoka Oktoba 1988.

Albamu ilipotoka ilikuwa na vipande nane, na sasa ipo kwa namna mbili, shika hapa. Ile ya 1988 vyombo vingi ni kinanda cha elektroniki, kazi ya Mike Moran aliyeandika na Freddie. Ya 2012 wamebakisha sauti zile zile za waimbaji, ila vyombo vimerekodiwa upya na okestra kamili ya Prague, dramu kapiga Rufus Taylor, mtoto wa Roger. Mimi nakushauri mgeni aanze na ya 2012. Violini halisi zinapumua pamoja na sauti, wakati kile kinanda cha zamani kinabana kidogo, hasa kwenye spika za kawaida. Ukishaizoea rudi kwenye ya 1988, maana ndo Freddie mwenyewe aliyoisikia na kuikubali.

Usifuate mpangilio wa albamu. Anza na Ensueño, kwenye ile ya 1988 ni piano na sauti mbili tu, kwa Kihispania. Hapa hakuna pa kujificha, na Freddie uliyemsikia Montreal akiitunza sauti, hapa anaitandaza yote, kuanzia chini kabisa, maana kesho hana shoo nyingine. Wimbo huu ulikuwepo kabla bila maneno, alikuwa anaimba irabu tu, Caballé akauwekea maneno ya Kihispania. Kisha Guide Me Home na How Can I Go On, zimeungana, zisikilize bila kusimamisha, na hiyo ya pili besi ni John Deacon yule yule wa Montreal. Halafu The Golden Boy, watu wa kwaya mtaupenda kuliko zote kwa sababu katikati inaingia kwaya ya injili kabisa, makofi na kila kitu, na soprano wa opera anaelea juu yake. Wenye kwaya pale Kanyenye au Cheyo, wawekeeni wanakwaya wenu siku ya mazoezi, hasa sauti ya kwanza na ya tatu, wasikie namna wawili wenye shule tofauti wanavyopeana nafasi, mmoja akipanda mwingine anashuka. Wimbo wenyewe wa Barcelona uache karibu na mwisho, ni mkubwa sana, ukianza nao vingine vitaonekana vidogo. Ulifika namba 8 Uingereza 1987, na 1992, mwaka wa Olimpiki ya Barcelona, Freddie akiwa ameshafariki, ukarudi na kufika namba 2.

Utakutana na video yao wakiwa jukwaani Barcelona, 8 Oktoba 1988, usiku wa kupokea bendera ya Olimpiki kutoka Seoul. Itazame, ni usiku wa mwisho Freddie kutumbuiza jukwaani mbele ya watu. Ila tumia sikio ulilolijenga: hakuna ukumbi kwenye sauti zao, hakuna pumzi ya maikrofoni, ni pleibeki, yaani tepu ndo inaimba. Na wala usiidharau kwa hilo. Kwa hiyo ukitaka Freddie wa laivu unajua pa kwenda, ni kwenye rekodi za Queen, na ukitaka sauti yake kamili bila kuitunza unajua pia, ni studio na Caballé, moja haikupi ya mwenzake.

Cha mwisho, kama bando limebaki, tafuta demo inaitwa Rachmaninov's Revenge, ilitoka kwenye mkusanyiko wa kazi zake binafsi mwaka 2000. Caballé alikuwa na ratiba ngumu ya opera, kwa hiyo Freddie alikuwa anamrekodia mfano wa namna ya kuimba, sehemu za mwanamke akiziimba mwenyewe kwa sauti nyembamba ya juu, wimbo huo ndo baadaye ukawa The Fallen Priest. Sikiliza demo kwanza, alafu papo hapo weka ile ya albamu, upande wa Caballé, usikie nini kakifuata kama alivyoelekezwa na wapi kaamua kwenda njia yake.